Mtoto Kanenepa: Tumlaumu Mama au Mtaa?

Uswahilini mtoto akinenepa husifiwa. "Huyu ana afya," jirani atasema huku akimfinya shavu, na mama atafurahi. Furaha hiyo ina sababu: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Anayeogopa udumavu huona unene ni ushindi. Lakini UNICEF iliripoti mwaka 2025 kwamba duniani, watoto wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri sasa wamewazidi wenye uzito pungufu. Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika huko, kwa hiyo muda wa kuzuia tunao.

Wengi humlaumu mzazi, na hawasemi uongo. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Hakuna mama anayeweka vijiko 9 kwenye kikombe cha mwanawe, ila soda tunampa kama zawadi, tena mgeni akija tunamwongezea.

Hata hivyo, simama nje ya geti la shule ya msingi jijini Dar es Salaam wakati wa mapumziko. Mtoto ana shilingi 500 mkononi. Mbele yake kuna biskuti, barafu za rangi na mihogo ya kukaanga. Embe la kukatwa ni bahati. Kiwanja alichochezea kaka yake kimejengwa fremu za maduka. Jioni anashushwa na basi la shule, anakwenda tuisheni, kisha anafungiwa ndani kwa kuwa nje kuna bodaboda. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto auchangamshe mwili dakika 60 kila siku. Huyu wa geti kali azipatie wapi? Kwangu mimi, lawama kubwa ni ya mtaa tulioujenga.

Njia moja inayopendekezwa ni kutoza kodi vinywaji vitamu. Wapinzani wanasema mzigo utamwangukia maskini na muuza duka. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Uingereza, mwaka 2018, iliifungamanisha kodi hiyo na kiasi cha sukari, na viwanda vingi vikapunguza sukari ili kuikwepa. Mnywaji akapata nafuu bila kuacha kinywaji chake.

Hatari yenyewe ni nzito: kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu, maradhi tuliyozoea kuyaona kwa watu wazima. Ila tusimtishe mtoto wala kumnyima chakula, kwani bado anakua. Na tuache kumwita Bonge. Anayeitwa hivyo uwanjani huacha kwenda uwanjani.

Kadi ya kliniki ikishawekwa kabatini, mtoto wa miaka 8 hapimwi tena mpaka augue. Ningependa kila shule iwe na mzani na kipimo cha urefu, mtoto apimwe faraghani kila muhula, na mzazi aitwe ili kuzungumza naye kwa upole.