Hanayashiki Kwanza, Mitambo Mikubwa Baadaye

Wapenzi wengi wa rolakosta, yaani vitreni vya burudani vinavyopanda na kuteremka kwa kasi kwenye reli, wanaofika Japani hukimbilia bustani za burudani kama Fuji-Q Highland, karibu na Mlima Fuji, au Nagashima Spa Land, ambako rolakosta iitwayo Steel Dragon 2000 hupita juu ya reli yenye urefu wa karibu kilomita 2.5. Mitambo hiyo inastahili sifa zake. Hata hivyo, nashikilia kwamba anayeondoka Tokyo bila kuingia bustani ndogo ya Hanayashiki, katika mtaa wa Asakusa, ameukosa utamu wenyewe wa mchezo huu.

Hanayashiki ilifunguliwa mwaka 1853 ikiwa bustani ya maua, na ndiyo inayohesabiwa kuwa bustani ya burudani kongwe kuliko zote nchini humo. Iko jirani kabisa na hekalu la Senso-ji, nayo imebanwa na majengo kiasi kwamba haina pa kupanukia, hivyo mitambo yake imesongamana, mingine ikipita juu ya mingine. Rolakosta yake ilianza kazi mwaka 1953, na miongoni mwa zile zinazoendelea kufanya kazi Japani hakuna iliyoitangulia. Mwendo wake wa juu kabisa ni kilomita 42 kwa saa.

Msomaji atauliza mwendo huo unamtisha nani. Ulinitisha mimi, na sababu yake inaeleweka: jicho hupima kasi kwa vitu vilivyo karibu, kama abiria wa treni anavyoona nguzo za kando ya reli zikimpita mbio huku milima ya mbali ikionekana imesimama. Mtu akiwa juu mno, ardhi huwa mbali na kasi hupungua machoni, hata kama mwili unaisikia. Hanayashiki, kuta na mapaa hupita karibu sana, na katika kila kona mkono hujirudisha wenyewe ndani ya behewa. Baada ya mnyororo kukivuta kitreni hadi kileleni, kinachobaki ni uzito wake tu na mteremko, na reli huonyesha umri wake kwa mtikisiko ambao mitambo mipya imeondolewa.

Napenda pia kwamba kiingilio hulipwa peke yake na michezo peke yake, kwa hiyo bibi aliyewasindikiza wajukuu halazimiki kulipia mitambo asiyokusudia kuipanda.

Bustani za namna hii hazina uhakika wa kesho. Toshimaen, iliyokuwa kubwa kuliko hii na yenye wapenzi wengi papo hapo Tokyo, ilifungwa tarehe 31 Agosti 2020, na Nara Dreamland ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka 2006. Wageni tunaosafiri mbali kwa ajili ya mchezo huu tuna uwezo wa kuchangia uhai wa zilizobaki, kwa kutenga asubuhi moja tu kabla ya kupanda basi la kwenda Fuji-Q.