Mbuzi watatu wa mlenda

Mimi ni mwongeaji. Nyumbani wanasema nilizaliwa nikiuliza maswali. Kwa hiyo siku tuliyokwenda kumposea mdogo wangu, kijiji kimoja upande wa Kongwa, baba mdogo alinivuta pembeni kabla hatujaingia uani: "Wewe leo unyamaze. Huo mdomo wako utatutia hasara."

Nikanyamaza. Na kunyamaza ni kazi jamani, si sawa na kuwa kimya. Jiwe liko kimya bila jasho. Anayenyamaza ana maneno, ila ameyakalia. Nilisema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, mlangoni, basi. Wazee wakazungumza, ng'ombe wakapungua hadi idadi tunayoimudu, chakula kikaja: ugali wa uwele na mlenda wa karanga.

Sasa mlenda una ujanja wake. Mchuzi wa moto utauona unafuka. Mlenda unatulia kama maji mtungini, moto wote kaufunika kwa utelezi. Nikakata tonge la kiume, nikachovya, nikazungusha mkono kuukata ule uzi, nikatia mdomoni.

Mungu wangu! Kutema mbele ya wakwe haiwezekani. Kumeza siwezi. Baba mdogo naye katoka nje kupokea simu. Ndipo babu wa binti akanigeukia.

"Kuna kitu tulisahau. Mbuzi wa shangazi. Mnasemaje?"

Kimya.

"Amekubali. Na wa bibi?"

Kimya jii. Chozi likanidondoka.

"Kijana ana huruma huyu! Basi, na wa mjomba."

Nikatikisa kichwa kukataa, nikaishia kujifuta kidevu, maana uzi ulishatoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na neno la Kigogo idodomya, yaani kuzama, kwa ajili ya tembo aliyedidimia kwenye tope. Siku ile nilimwelewa sana yule tembo.

Baba mdogo aliporudi akaambiwa mbuzi 3 wameongezeka kwa ridhaa ya mwanawe. Akapigwa na bumbuwazi. Hapo tena si kunyamaza: anayenyamaza hufunga mdomo, mwenye bumbuwazi husahau kuufunga. Wazee wakamtazama, wakaona naye hana pingamizi.

Njiani akauchuna. Huu ndio ukimya mbaya kuliko yote, kwa sababu una jina lako. Tukapita Mbande, kauchuna. Tukapita Chamwino, kauchuna. Mimi ndiyo kwanza nataka kujieleza, ulimi umevimba kama ndizi mshare.

Tulipofika Ihumwa akakohoa.

"Hivi pale ulikuwa unalia nini?"

"Mulenda, baba. Wa moto."

Akatazama dirishani kitambo kirefu.

"Ule wa karanga?"

"Ule ule."

"Na mimi sikuuonja hata kidogo."