Mwite Sajo, usimwite Junia

Nafurahi kila ninaposikia mtoto mchanga wa hapa Mbeya amepewa jina la kwao la Kinyakyusa: Lusajo, Atupele, Ipyana, Tusajigwe, Ambwene. Wazazi wamekaa wakashauriana, wamewapigia simu wazee Tukuyu au Kyela, na jina limepatikana. Halafu, kitovu hakijadondoka, mtoto keshaitwa Junia. Au Prinsi. Au Beibi, na hilo Beibi litamfuata mpaka darasa la tatu. Jina alilotafutiwa kwa mashauriano yote yale linabaki kwenye kadi ya kliniki na kinywani mwa mchungaji siku ya ubatizo, basi.

Hili linaniuma, na leo nataka kulisema wazi. Sipingi majina ya kufupisha. Mtoto anahitaji jina dogo la kubembelezewa akilia, na la kuitwa upesi akitambaa kuelekea jiko la mkaa. Ninachoomba ni kwamba jina hilo dogo litoke ndani ya jina lake kubwa. Lusajo awe Sajo. Subilaga awe Subi. Lwitiko awe Tiko. Mtu akiuliza, "Sajo ndiyo nani kwa kirefu?", apewe jina la mtoto mwenyewe, pamoja na habari ya kwa nini alipewa. Ukiuliza Junia ni nani kwa kirefu, unatajiwa baba yake.

Ndugu zetu wa Iringa wana ushahidi mkubwa wa ninachosema, maana jina linalojulikana kuliko yote kwao ni la mkato. Mtwa, yaani chifu, wa Wahehe aliitwa Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba. Watu wakalifupisha, likawa Mkwawa. Kwa jina hilo fupi tunamkumbuka kwa vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, alipouawa Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani. Jina hilohilo fupi likavuka bahari na kuandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani irudishe fuvu lake. Fuvu lilirudi mwaka 1954 na liko Kalenga. Sidhani kama kuna anayeona Mkwawa ni jina lililopungukiwa. Na anayetaka kulijua kwa kirefu analipata Mkwavinyika palepale ndani yake.

Kwa Wanyakyusa kuna sababu nyingine ya kale ya mtoto kuwa na jina la pembeni, na natamani wazazi vijana waijue. Mke hakumtaja baba mkwe wake kwa jina. Alijitenga naye kwa heshima, na hata maneno ya kawaida yaliyofanana na jina la mzee aliyaepuka, akaweka mengine mahali pake. Usemi huo wa heshima unaitwa ingamwana. Sasa chukua mtoto wa kiume aliyepewa jina la babu mzaa baba. Mama yake atamwitaje? Hawezi kusimama uani akalipaza jina la baba mkwe kana kwamba anafukuza kuku. Kwa hiyo humwita "baba", au "babu", au kwa jina jingine ambalo nyumba nzima inalielewa. Mpaka leo utamsikia mama akisema, "Babu, njoo unywe uji," na mgeni anageuka kumtafuta mzee, kumbe anayeitwa ana miaka miwili na kamasi. Hapo jina dogo lina kazi: linalinda jina kubwa. Kila anayemwita mtoto "babu" anajua ni babu yupi. Junia halilindi kitu.

Kufupisha jina nako kuna ufundi wake, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Majina mengi ya Kinyakyusa ni sentensi nzima. Ukikata kipande cha mwanzo tu, Tusajigwe, Tupokigwe na Tulinagwe wote wanaanza na Tu, na Atupele na Atuganile wote wanakuwa Atu. Kwenye nyumba ya watoto watano hiyo ni vurugu. Ukikata katikati, sikiliza kwanza kile kipande kinasema nini kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho watakachotumia watoto wenzake shuleni. Atuganile ukimkata katikati unapata Gani, na kila akiitwa itakuwa kama anaulizwa swali. Atupele ukimwita Pele, wapenzi wa mpira watafurahi, lakini watoto watasikia upele, na watoto hawana huruma. Huyo mwache awe Atu, kama hakuna mwingine. Gwakisa ukimfupisha unapata Kisa, jina zuri kabisa, ila ni jina kamili linalojitegemea, mara nyingi la binti. Kama una mvulana, fikiria mara mbili.

Tena baraka ni nyingi kwenye familia zetu. Lusajo, Asajile, Nsajigwa, Tusajigwe, yote yana mzizi mmoja wa kubarikiwa, na wazazi wanayapenda kweli. Kwa dada yangu wamo Nsajigwa na Tusajigwe chini ya bati moja. Kaka mtu alikuwa Saji tayari mdogo wake alipozaliwa. Dada akapendekeza binti aitwe Blesi, ili maana ibaki ileile. Siku hiyo shangazi yetu mkubwa alikuwa amekuja kumwogesha mtoto. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, mtoto kalala juu ya miguu yake, beseni la maji ya vuguvugu pembeni na sweta inapashwa moto karibu na jiko. Hakuinua hata kichwa. "Mwanangu, huyo Blesi ni mtoto wa nani? Mimi hapa namwogesha Tusajigwe." Akaendelea kumsugua, huku anayajaribu majina mdomoni: Sajigwe, Jigwe, Tusa. Sajigwe likaonekana refu kwa mtoto wa umri ule. Jigwe likamfanya dada akunje uso. Tusa akalisema mara ya pili, mara ya tatu, anampaka mafuta nyuma ya masikio, na mpaka sweta inavaliwa nyumba nzima ilikuwa inasema Tusa.

Nimeisimulia kwa sababu shangazi alifanya kitu ambacho naona kila mzazi angekifanya: alilijaribu jina kwa sauti, mikono ikiwa kazini. Jina la mtoto haliandikwi tu kwenye simu. Toka uani, liite kama unamwita mtoto aliye upande wa pili wa migomba na mvua ya Tukuyu inapiga bati. Silabi mbili zinatosha, na irabu ya mwisho iwe ya kuvutika. Sajo inavutika. Tiko inavutika. Ukiona unakwama, mpe simu bibi yake alijaribu yeye.

Wazazi wanasahau pia kwamba jina hilo dogo litakuwa lao. Kuanzia siku mtoto anapozoeleka mtaani, wewe si fulani tena, wewe ni Mama Sajo, na mwenzako ni Baba Sajo. Ndivyo utakavyoitwa kwenye vikoba, ndivyo utakavyoandikwa kwenye simu ya anayekuuzia mchele, ndivyo utakavyosalimiwa kanisani. Ingia soko la Mwanjelwa uite "Mama Junia!" uone wangapi watageuka. Ukiita "Mama Tiko", anayegeuka ndiye unayemtafuta, na aliye karibu naye huenda akauliza, "Tiko? Lwitiko? Kwani nyie ni wa wapi?" Mazungumzo yanaanzia hapo, na huku kwetu mazungumzo ya namna hiyo yameshawaunganisha watu wengi na ndugu ambao hawakujua kuwa wanao.

Najua yanayosemwa upande wa pili. Baba ni Mchaga au Msambaa, mama ni Mnyakyusa, na bibi wa Moshi au wa Tanga hajawahi kulisikia Tupokigwe tangu azaliwe. Familia inahamia Dodoma au Dar es Salaam, mtoto atachekwa darasani. Haya si ya kupuuza, na ndiyo maana nasema jina lifupishwe. Bibi anayeshindwa na Tupokigwe hashindwi kusema Tupo, na akishalizoea Tupo, lile refu atajifunza taratibu kwa kumpenda mjukuu. Kuhusu kuchekwa, nilivyoona mimi, watoto wanaoteseka zaidi ni wale ambao wazazi wenyewe wanalitamka jina kwa kunong'ona, kama vile wanaomba radhi. Mtoto aliyezoea kusikia jina lake likiitwa kwa furaha nyumbani hulitaja shuleni bila kuinamisha kichwa.

Upande wa makaratasi niseme kwa kifupi. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano ulianza kwa mkoa wetu mwaka 2013, na cheti hutolewa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Ni jambo zuri sana, ila maana yake jina linaandikwa mapema, na anayekwenda kuandikisha wakati mwingine ni mtu anayemjua mtoto kwa jina la utani tu. Kuna dada wa kazi wengi hapa mjini wanaopeleka mtoto kliniki, nesi anasoma jina kwenye kadi mara mbili, na wao wanaendelea kukaa kwenye benchi kwa sababu hawajawahi kulisikia. Mpe anayekwenda jina kamili limeandikwa kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Nsajigwa na Msajigwa ni watu wawili mbele ya serikali, na kuwarudisha kuwa mmoja baadaye ni viapo kwa wakili, nauli na siku za kazi zinazopotea.

Mtaa nao utampa lake akikua, na hilo hatuliwezi. Joseph Mbilinyi, mwanamuziki wa rap, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, na watu walimwita Sugu. Shadrack Nsajigwa, beki wa zamani wa Yanga na Taifa Stars, mashabiki walimpa Fuso. Mwanamuziki Ambwene Yessayah alijifupisha mwenyewe akabaki na herufi mbili, AY. Hayo ni majina ya watu wazima, yametokana na jukwaa na uwanja. Mtoto wa wiki mbili hajapanda jukwaa lolote. Alichonacho ni jina alilopewa na waliomtangulia, na mkato wake ni sisi wa kuuchagua.

Kwa wale ambao Junia keshazoeleka, bado hujachelewa, maana mtoto wa miaka mitatu hulizoea jina jipya upesi kuliko jirani. Anza na saa ya kumwamsha na saa ya kumlaza, umwite kwa jina lake kamili, ukimwambia ni nani alimpa na kwa nini. Mchana tumia mkato wake. Mwambie dada wa kazi, mwambie mwalimu wa chekechea, badilisha ulivyomwandika kwenye simu yako. Bibi huna haja ya kumwambia. Yeye tangu mwanzo anamwita Lusajo.