Kwenye Diski Yangu Mimi Ndiye Mpangaji

Hebu niwaulize. Umenunua kiti, umekibeba mwenyewe hadi nyumbani, umekiweka sebuleni, ukaenda kunawa mikono. Unarudi unakuta mtu amekikalia. Unamuuliza wewe nani, anakujibu, "Mimi ndiye mlinzi wa hiki kiti, nahakikisha hakikaliwi na watu wabaya." Si utatafuta mwiko?

Ndiyo hali yangu na kompyuta ya hapa dukani. Nina steshenari Mbagala, fremu moja, mashine ya fotokopi moja, printa mbili. Printa moja inafanya kazi, nyingine nimeiweka ili wateja waone ziko mbili. Kompyuta ni mtumba, nilichukua Kariakoo, na muuzaji aliniapia kwa marehemu babu yake kwamba diski ni ya GB 128. Nimefika, nimewasha, imeandika 119. Kesho yake nikarudi. "Kaka, GB 9 zangu ziko wapi?" Akanieleza bila hata kupepesa macho kwamba kiwandani wanahesabu kwa elfu moja moja, kompyuta inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo wote wako sahihi. Wote wako sahihi, aliyepunjwa ni mimi! Wakulima wanalia na lumbesa miaka nenda miaka rudi, gunia limevalishwa kilemba, kumbe kuna watu wameigeuza lumbesa juu chini na hakuna anayeshtuka.

Nikasema basi, 119 si haba. Kazi zangu zenyewe ni barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi, mitihani ya shule za jirani, wasifu wa marehemu. Barua ya ukurasa mmoja haifiki hata KB 20. Kwa mahesabu yangu ya kichwa, ningewachapia barua Mbagala nzima, wakaajiriwa, wakastaafu, na diski ingekuwa bado inapiga mwangwi.

Ijumaa ikajaa.

Na haikujaa kwa adabu. Ilisubiri mzee mmoja aje na wasifu wa marehemu, nakala 200, na picha ya marehemu iliyoskaniwa kwa ukubwa ambao ungetosha kubandikwa ukutani. Naamuru ichapwe, kimya. Naamuru tena, kimya. Printa inawaka taa ya kijani, inanitazama. Kumbe kabla karatasi haijaguswa, kompyuta huiandika kwanza kazi pembeni, kwenye diski hiyohiyo, ambayo yenyewe inaiita C, ndipo iitume kwa printa. Na pembeni hapakuwapo. Nafungua naangalia, ule mstari wa C ambao siku za amani huwa wa bluu umekuwa mwekundu kama ndimi za mwenge. Zimebaki MB 310.

Mzee akainama kwenye kaunta, akaniambia taratibu, "Kijana wangu, marehemu hana haraka. Ila padri ana misa nyingine saa kumi na moja."

Nikatokwa jasho. Nikafuta taarabu zangu zote, GB 4, nyimbo nilizozikusanya tangu enzi za mkanda. Naangalia: MB 310. Nimejitoa mhanga na hakuna kilichobadilika! Nikamwita kijana wa fremu ya pili, fundi simu, ambaye kwa jirani kama mimi ni fundi wa kila kitu. Akaja anatafuna muhogo. "Bro, umemwaga na lile pipa la taka?" Kumbe ukifuta faili linaenda kwenye pipa, na pipa liko ndani ya diski ileile, na takataka inakula nafasi ileile hadi umwage. Yaani umetoa uchafu jikoni, umeupeleka chumbani, halafu unashangaa nyumba inanuka.

Tukamwaga. Zile nakala zikatoka, mzee akaondoka saa tisa na dakika arobaini, mimi nikabaki na hasira bila taarabu ya kunituliza.

Jioni tukakaa na fundi kufanya uchunguzi. Alishataka kupiga Windows upya. Hawa vijana kila ugonjwa dawa yao ni kupiga Windows, hata kipanya kikikwama. Nikamwambia hapana, leo nataka kumjua mwizi kwa sura. Akaweka programu inaitwa WinDirStat, ni ya bure. Inapokagua, vinatokea vijidudu vya njano vinafumbua na kufumba mdomo, vinatembea. Vikimaliza, kioo kizima kinakuwa kama kitenge, viraka vya rangi rangi, kila kiraka ni faili, na kadiri faili linavyokula ndivyo kiraka kinavyokuwa kikubwa. Nikasema haya, sasa tunaonana.

Kiraka cha kwanza nilichokinyooshea kidole kilikuwa cha antivairasi, programu ya kuilinda kompyuta na virusi. GB 9! Nikajua tu, hao ni virusi waliofungiwa. Maana flashi za wanafunzi hapa dukani zinakuja na virusi kama mbwa wa mtaani na viroboto, unachomeka, mafolda yote ya mtoto wa watu yamegeuka kuwa shotikati. Kila siku mlinzi anakamata, anatia karantini. Nikamwambia fundi, fungua jela tuwamalize. Akafungua. Wafungwa wote, wa miaka yote, wanakula MB 38.

Rudia kusoma hapo. Wafungwa MB 38. Askari magereza GB 9.

Anakula nini? Ana orodha ya virusi anayoishusha kila siku kwa bando langu, halafu na ile ya zamani haachii, anaiweka eti mpya ikigoma arudi nyuma. Ana madaftari ya kuandika kila alichokikagua: leo saa nne nimeangalia faili hili, ni zima, saa nne na dakika moja nimeliangalia tena, bado ni zima. Na kuna kitu nilikiwasha mwenyewe siku ya kwanza, maana palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani nami nikabonyeza, kinachotunza nakala za nyaraka zangu ili zikishambuliwa zirudishwe. Safi sana. Anazitunza wapi hizo nakala za C? Kwenye C. Sasa huo si sawa na kufunga ufunguo wa akiba kwenye kishada kilekile?

Hapohapo pembeni tukamkuta na mlinzi mwingine. Antivairasi ya majaribio iliyokuja na kompyuta, leseni imekwisha tangu 2022. Halindi chochote, kuamka anaamka na kula anakula. Umemwachisha kazi mtu na bado kila usiku anakuja kudai ugali.

Nikaenda kwenye folda la yule wa kwanza nilifute kwa mkono wangu. Ikaniandikia kwamba sina ruhusa, niwasiliane na msimamizi wa kompyuta. Msimamizi ni nani? Ni mimi! Jina langu limeandikwa palepale! Nikawa nimetumwa nikajiombe ruhusa na nikajinyima. Fundi akacheka mpaka muhogo ukampalia. Akasema ni bora inavyokataa, kwa sababu kirusi mwenye akili akiingia, kazi yake ya kwanza ni hiyohiyo niliyoitaka mimi, kumwondoa mlinzi. Ukitaka kumpunguza unapitia mlango wake, kwenye mipangilio yake: punguza madaftari, zima zile nakala za C ndani ya C. Yule wa majaribio tukamwondoa kihalali, kwa kuiondoa programu, siyo kwa kulifyeka folda. Sawa. Nimekubali. Lakini lile neno la msimamizi bado liko rohoni.

Tukaja kwenye folda moja inaitwa System Volume Information. Ukiliuliza lina ukubwa gani, linakujibu sifuri. Sifuri! Kama mtoto mwenye sukari mdomoni unamuuliza nani kalamba sukari. Fundi akapitia mlango wa nyuma, kwenye ulinzi wa mfumo, akanionyesha: GB 11. Ndimo kompyuta inamoweka zile sehemu za kurejea, kila ikisasishwa au ukiweka programu kubwa, inajipiga picha ilivyo, ikiharibika irudi ilivyokuwa. Nikasema afadhali, basi humo barua za wateja ziko salama. Akatikisa kichwa. Ukirejesha mfumo kwa njia hiyo unarudisha mambo ya mfumo na programu. Barua ya mteja uliyoifuta haikuhusu, hairudi. Yaani GB 11 ni albamu ya picha zake mwenyewe.

Halafu akaniongezea presha. Akanikumbusha WannaCry, kile kirusi cha Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo, hospitali za Uingereza zikawa zinarudisha wagonjwa. Akasema kile na wenzake wengi wa aina hiyo, wakishaingia, hutafuta hizo picha za mfumo, wenyewe wanaziita nakala za kivuli, na kuzifuta. Mwizi anaanza na stoo. Kwa hiyo hiki kinachokula GB 11 kuniokoa ndicho kingekufa cha kwanza. Hatukukizima, maana siku sasisho likivuruga mambo ndicho kitakachonirudisha, ila alikishika kishale cha kukipimia nafasi akakivuta mpaka asilimia 3 ya diski. Nilihisi kama nimeona mtu anakazwa mkanda.

Windows.old nayo. GB 22. Kompyuta ilijiboresha yenyewe wiki ile, ikaacha toleo la zamani limekaa pembeni, kwamba nikijuta nirudi. Litajiondoa lenyewe baada ya siku 10. Sisi kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana siku 10, na katika hizo hashiki hata ufagio. Tulimtoa kwa ile programu ya usafi ya mfumo, baada ya kuhakikisha printa na fotokopi zinaelewana na toleo jipya, maana ukishamtoa hakuna kurudi.

Na kuna faili la kulala, hiberfil, GB 3.2, la kukumbuka ulipoishia kompyuta inapolala. Yangu ya mezani, haina betri, na umeme ukikatika hapa inazimika kama mshumaa, haipati hata muda wa kukumbuka jina lake. Fundi akasema pia linasaidia kuwaka haraka. Iwake haraka iende wapi? Mimi mwenyewe nafungua duka saa tatu. Tukalizima.

Nikawa nimechangamka sasa, nafurahia kama mjumbe wa nyumba kumi anayehakiki wapangaji. Kile kitenge kwenye kioo kinapungua viraka. Lakini kuna kiraka kimoja kikubwa cha zambarau kilikuwa katikati tangu mwanzo, nami nilikuwa napitisha macho juu yake. Fundi akakibonyeza.

Folda: MUHIMU. GB 7.

Pembeni yake: MUHIMU MPYA. GB 7. Kisha MUHIMU YA MWISHO. Kisha MUHIMU YA MWISHO KABISA USIGUSE. Jumla GB 28. Hakuna antivairasi, hakuna Windows, hakuna mlinzi wala mgeni aliyekula kama huyo.

Duka likawa kimya. Hata feni niliiona inanigeukia.

"Bro," akasema fundi, "hizi si ni kitu kimoja mara nne?"

Nikamweleza. Kila nikisikia habari za virusi naingiwa na hofu, nakopi kila kitu. Akaniuliza kama nimewahi kusikia kanuni ya nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya jengo. Mimi ninazo nakala 4, chombo 1, jengo 1, na fremu ya jirani wanakaanga chipsi kwa mkaa.

Akataka tufute. Akafungua ndani: mtihani wa darasa la nne wa 2014, kadi ya mchango wa harusi, orodha ya vikoba vilivyokufa. "Hii kadi ya harusi ya nini, hawa si waliachana?" Waliachana ndiyo, tena kwa vurugu, lakini kijana huyu bado mdogo, hajui mambo. Watu hurudiana. Na wakirudiana watakuja kwangu, watataka kadi ileile, watabadilisha tarehe tu.

Tukafika mapatano. Jumatatu nikafunga duka nusu siku, nikaenda mjini, nikarudi na diski ya nje ya GB 500 (imeandika 465, safari hii sikuuliza). Nikakopi MUHIMU zote nne, nikaichomoa, nikaipeleka nyumbani, nikaiweka kabatini chini ya mashuka, mbali na virusi na mbali na chipsi.

Jioni fundi akapita, akachungulia dirishani. "Vipi bro, umeshamaliza?"

"Nimemaliza, iko nyumbani."

"Safi. Kwa hiyo kule kwenye C umeshafuta?"

"Nimekopi zote, hata moja haikubaki."

"Nimekuuliza umefuta?"

Nikamwambia asubiri kidogo, kuna mteja. Akageuka kumwangalia mteja, nami nikapata nafasi ya kuzima kioo.