Mzee wa kofia, bata wa watu na mandazi thelathini

Wakuu, hii imenitokea mimi mwenyewe hapahapa Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na mashahidi wapo kibao, kwahiyo msije mkasema natunga.

Kazi yangu ni kuendesha watalii, Mwanza kwenda Serengeti na kurudi. Mwezi uliopita nilikuwa na mzungu mmoja wa Denver, Marekani, mtu mzuri sana, siku nne tumekula vumbi pamoja, na siku ya kumshusha airport nikaona anachimba kwenye begi, moyo ukaruka, nikajua hizi sasa ni dola zinatoka. Akatoa bomba refu kama la maji. Akanikabidhi kwa mikono miwili, macho yamemlenga, kama ananiozesha binti yake. Nikasema labda hela zimekunjwa humo ndani. Nimefika nyumbani nafungua mbele ya mke wangu, ndani kuna fimbo ya kuvulia samaki ya vipande vinne, kila kipande kimevalishwa soksi yake. Mke wangu akaniuliza, "Ndo tipu hiyo?" Sikumjibu.

Sasa safari nzima huyu bwana alikuwa ananionyesha kwenye simu video zake anavua samaki wanamwita kapu, sio kapu la sokoni, ni lisamaki linene lina vindevu mdomoni na mdomo wenyewe unavuta kama mtu anakunywa soda kwa mrija. Anasema kwao lililetwa kutoka Ujerumani mwaka 1877, serikali ikaligawa kwenye mito na mabwawa, leo hii wenyeji wengi wanaliona takataka. Nikamwambia hata sisi sangara na sato waliletwa miaka ya 1950, ila hapa ukimwita sato takataka watu watakupeleka Bugando kupimwa akili. Akacheka mpaka akamwaga kahawa kwenye siti yangu.

Uvuvi wenyewe ndo maajabu. Hawatumii mnyoo wala dagaa. Wanatumia nzi. Sio nzi mzima jamani, ni ndoano umeifunga manyoya na nyuzi mpaka inafanana na mdudu, na kwa kapu wanaifananisha na chakula kabisa, kipande cha mkate, punje ya hindi, mpaka ile biskuti ya mbwa. Nzi mwenyewe hana uzito kwahiyo unachorusha sio yeye, unarusha mshipi, mshipi ndo mzito, unaupeleka nyuma unajinyoosha angani, unaurudisha mbele, ndo unambeba nzi. Na kabla ya hapo unawalisha. Unamwaga mikate ya kweli majini mpaka wazoee, wakishachangamka wanagombania unawachomekea ule mkate wa uongo katikati yao. Nikasema huu mbona ni utapeli wa kawaida tu, kumpa mtu elfu kumi akuamini halafu unaondoka na laki.

Basi nikaamua nitajaribu kwa sato.

Mkate wa bandia wenzetu wanautengeneza kwa nywele za swala wa kwao, zina uwazi ndani ndo maana zinaelea. Mimi swala nawaona kila wiki lakini gusa hata unywele mmoja wa Serengeti uone kesi ya uhujumu uchumi inavyofanana. Nikaangalia angalia pale chumbani, nikaona godoro. Upande wa miguuni, chini, pale hapaonekani. Nikakata kipande kama cha ngumi hivi, nikakichonga kwa wembe vikawa vipande vidogo vya pembetatu, nikavibabua kwa kiberiti vikapata rangi ya kahawia ya kukaangwa, nikafunga kwenye ndoano kwa uzi wa cherehani na supaglu, nikapaka mafuta ya mgando visinywe maji. Nawaambia ukweli, yalikuwa mandazi. Mtoto wangu wa miaka mitatu aliokota moja akatia mdomoni, bahati hiyo nilikuwa sijaiweka ndoano. Kijino cha ndoano nacho nikakibana na plaizi kikalala, mzungu alisisitiza hivyo ili samaki asichanike, na hii kumbukeni kwa sababu ndo iliyoniokoa.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nikapita kwa mama mandazi, nikamwambia nipe yale ya jana, thelathini.

"Thelathini? Una msiba?"

"Hapana mama, ya samaki."

Akanitazama, akanihesabia, hakuniambia karibu tena.

Nikafika ufukweni kule kwenye mawe, kibaridi kinapiga na manyunyu, nikajifunga kichwani kanga ya mke wangu ambayo nilikuwa nimefungia mandazi. Kanga nyekundu. Nikavaa koti la mvua jeusi. Fimbo nyeusi. Nikaingia maji ya magotini, kichocho nikamwachia Mungu, nikaanza kumega mandazi moja moja natupa ziwani taratibu, huku nahesabu kwa sauti ili nijue nimetupa mangapi. Halafu nikaanza kupunga ile fimbo, mbele, nyuma, na mdomoni natamka kama nilivyofundishwa, "Moja mbili, tulia... moja mbili, tulia..."

Naomba kila mtu ajiwekee hiyo picha kichwani. Tena mkumbuke hii ni Usukumani.

Mimi mawazo yote yako kwenye maji maana kweli yalianza kuchemka, vipande vinazama kimoja kimoja, tup, tup, samaki wapo! Na bata nao wakaja, kama sita hivi, wa nyumba za jirani. Nikapeleka mshipi nyuma kwa nguvu zote, nikasikia umeshika. Nikajua kichaka. Nikavuta mbele kwa hasira, na kitu kikapita juu ya kichwa changu kinavuma, kikubwa, cheusi, kikatua katikati ya mandazi.

Ni kofia. Ile pama ya wazee. Inaelea, inazunguka taratibu, bata wanaikimbia.

Nikageuka. Nyuma yangu amesimama mzee na fimbo yake, kipara kinang'aa kwa manyunyu, na nyuma ya mzee kuna watu kama ishirini ambao sijui walianza kujaa saa ngapi, akina mama wana ndoo, watoto wana sare za tuisheni, na mama mandazi yupo mstari wa mbele na mikono kiunoni.

"Mwangaluka bhabha," nikasema. Ndo kitu pekee kilichonijia.

"Mwangaluka, ng'wanawane," mzee akajibu kwa upole uliozidi. "Kofia yangu umeipeleka kwa nani?"

Baadaye ndo nilielewa kosa langu. Mzungu aliniambia fimbo isimame saa kumi mbele, saa mbili nyuma. Saa zao! Mshale kwenye kumi na mshale kwenye mbili, yaani juu kushoto na juu kulia. Mimi nikafuata saa zetu, na saa kumi yetu na saa mbili yetu mshale wote unaangalia chini, kwahiyo mshipi wangu ulikuwa unafyeka kwa usawa wa vichwa vya watu. Hii lugha bana.

Dogo mmoja akapiga kelele, "Ameitoa kafara!" Ikawa minong'ono, kanga nyekundu hiyo, anahesabu hesabu, mandazi ya jana hayo alinunua kwangu mimi mwenyewe. Mzee, kumbe ndo balozi wa nyumba kumi wa pale, akanyoosha mkono watu wakanyamaza. Akasema hapa hakuna mtu wa kumgusa mtu, tunamuuliza ngosha atueleze. Namshukuru sana huyu mzee, angekuwa mwingine leo msingesoma hii.

Nikaeleza. Marekani, kapu, nzi, mandazi ya godoro. Nikiwa naeleza nilijisikia mwenyewe ninavyozidi kuharibu. Mzee akasema, "Unavua kwa nzi, na nzi mwenyewe ni andazi, na andazi lenyewe ni godoro."

"Ndiyo bhabha."

"Haya, vua tuone."

Nikarusha. Safari hii nilipanda fimbo juu sana kwa uoga, mshipi ukajinyoosha vizuri ajabu, andazi langu likatua katikati ya yale mengine laini kabisa, hata mimi sikulitofautisha. Watu wakasema "eeeh". Nikasubiri sato.

Bata akalibeba.

Jamani bata akishikwa na mshipi haendi chini kama samaki, anapanda juu! Nikawa nimesimama ziwani nimeshika fimbo, mshipi umeelekea mbinguni, bata ananizunguka kama kishada, anapiga kelele, na mwenye bata naye huko nchi kavu anapiga kelele zaidi ya bata. Ikabidi nimvute taratibu kwa mkono mpaka nikamkumbatia. Ndoano ilikuwa pembeni ya mdomo, na kwa sababu kijino nilikibana ilitoka yenyewe kwa kuigusa tu, bata hana hata tone la damu, akajikung'uta akarudi kuendelea kula mandazi. Mwenye bata akadai elfu kumi na tano. Nikamwambia mama, bata mzima huyo. Akasema, "Mzima mwili, ila ameshtuka, na alikuwa anakaribia kutaga."

Hapohapo wakati tunabishana, mjukuu wa balozi, kitoto cha darasa la nne hivi, kilishapanda kwenye jiwe pembeni na ufito wake, ndoano moja, mnyoo mmoja, kikatumbukiza palepale nilipomwaga mandazi. Akanyanyua sato. Kiganja na nusu. Kabla hatujasema kitu akanyanyua wa pili.

Mzee akaangalia sato, akaniangalia mimi, akakaa juu ya jiwe.

"Kesi bado haijaisha. Mandazi yamebaki mangapi?"

"Kumi na moja bhabha."

"Tupa mawili, halafu utueleze tena hiyo habari ya Ujerumani."

Nawaapia nilielezea habari ya Ujerumani mara tatu. Kila nikisema naomba niondoke mzee anasema kuna kitu hakijaeleweka, tupa lingine. Akina mama waliweka ndoo chini. Vijana wengine wawili walikuja na fito zao. Wenye mashaka na mimi wakawa wananiambia nisogee kulia kidogo, huko ndo kuna mawe, samaki wanapenda. Mpaka mandazi yanaisha walikuwa na sato tisa na gogogo mmoja, mimi nina sifuri, na balozi akatangaza kwamba amejiridhisha sio mchawi. Nikalipa bata elfu saba baada ya kuombewa. Kofia ilirudi na mawimbi yenyewe. Mjukuu nikamuomba aniuzie sato mmoja nisirudi mikono mitupu, akasema elfu tano. Nikamwambia mandazi ni yangu! Akasema, "Lakini mnyoo ni wangu." Nikatoa.

Nyumbani mke wangu kumwona sato akafurahi, "Kumbe inakamata!" Nikanyamaza, tukala, mambo yakaisha vizuri.

Jumatatu akawa anabadilisha shuka akageuza godoro. Akaniita. Lile shimo, kingo zake zimechongoka chongoka, akauliza nini hiki? Nikasema panya. Sikuwa na la kusema. Kwahiyo sasa kila usiku anatega mtego chini ya kitanda upande wa miguuni, na chambo anaweka kipande cha andazi, na juzi umeme umekatika naamka saa nane kwenda chooni napapasa ndala kwa mguu, ndo nikasikia tap. Kidole gumba.