Cheti cha asilimia 100 kinamlenga asiye na tatizo

Makala ninayoijibu, kuhusu kupunguza utoro shuleni, inapendekeza walimu wampe cheti mwanafunzi asiyekosa hata siku moja muhula mzima. Ubaya wa kipimo hicho uko kwenye hesabu: mtoto akiugua wiki ya pili, keshatoka mashindanoni, na wiki zote zilizobaki hazina cha kumvuta. Mwingine atakuja na homa yake awaambukize wenzake, mradi tu asikose zawadi. Jaribio kubwa lililofanyika California liligundua kuwa waliotuzwa kwa mahudhurio yaliyokwisha pita, mahudhurio yao yalishuka kidogo mwezi uliofuata.

Kama lazima zawadi iwepo, pimeni kwa wiki mbili mbili, na mtazame nani kapiga hatua: aliyekuwa akikosa siku 4 sasa kakosa 1, mpeni huyo. Ugonjwa uliotolewa taarifa usihesabiwe. Watoto wa darasa la kwanza waacheni kabisa, maana mtoto wa miaka 6 hajileti shuleni, analetwa.

Ila kwanza fungueni rejista (wengi huijaza tu, hawaisomi). Alama za utoro zikijipanga Jumatatu tupu, au siku zenye kipindi cha hesabu, hapo peremende haisaidii kitu. Mpigieni mzazi simu siku hiyo hiyo mtoto anapokosa, kabla ya saa nne asubuhi.