Hajati Alivyopita Getini

Gitaa langu ni nakala ya Stratocaster niliyoinunua mtumba, yenye pikapu (zile sumaku za kunasa mtikisiko wa nyuzi) za koili moja moja. Ukilichomeka hivi hivi linanong'ona tu. Sasa weka distoshani, ile ya kukwaruza sauti kwa muziki wa metali: sauti kubwa zinabanwa, ndogo zinapandishwa, na ukiacha kupiga unaachiwa mmmmmmm ambayo haina haraka ya kwenda popote.

Mmmmmmm hiyo ni ya umeme, na umeme wetu Uganda ni wa 50 Hz. Muungurumo wake, pamoja na ule wa 100 Hz unaoandamana nao, unakaribia noti ya G, ila umepanda kidogo, kiasi cha kuudhi. Mpiga besi wetu, tunayemwita Besi, akashauri wimbo wote tuuhamishie kwenye G tupate mwanamuziki wa nne bure.

"Kelele kidogo ni ladha," akasema.

Chumba tunachorekodia kiko Katwe, mtaa wa mafundi chuma. Anayeijua Kampala ameshaanza kucheka. Chumba ni cha Hajati, Mnubi wa Bombo, ambaye Kiswahili chake kililelewa kambini na hakina habari ya kuzunguka mbuyu. Kila mwezi tunamtumia Besi mchango kwenye simu, yeye anampelekea Hajati kodi. Utaratibu mzuri kabisa.

Ukutani upande wa pili yuko fundi wa kuchomelea mageti. Kila akigusisha rodi kwenye chuma, kwenye rekodi yetu inaingia krrrrr ya kupasua masikio. Nikamwendea kwa adabu zangu zote nikamwomba apumzike dakika chache.

"Kijana," akasema bila kuvua miwani, "hilo gitaa linakulipa shilingi ngapi kwa siku?"

Nikarudi ndani.

Ngoma, mpiga ngoma wetu ambaye pia ndiye mkuu wa kompyuta, akaanza msako. Taa ya tyubu ikazimwa, maana nayo huvuma kwenye koili. Simu zikatolewa nje; hata ikiwa kimya, simu ikiwasiliana na mnara inapiga trrt-trrt-trrt ndani ya gitaa. Chaja ya laptopu ilikuwa ya pini mbili, haina waya wa ardhi, ikang'olewa tubaki na betri. Kisha akanikalisha kwenye kigoda akaanza kunizungusha taratibu. Hili wengi hawalijui: koili hunasa uvumi kulingana na ilivyouelekea, na ukijigeuza polepole utafika mahali uvumi unashuka ghafla. Mahali pangu palikuwa kulitazama dirisha, magoti yakigusa ukuta. Ngoma akachora alama ya chaki kuzunguka miguu ya kigoda.

Kisha akapunguza geini, yaani kiasi cha kukuza sauti. Nililalamika, lakini ana hoja: piga kipande kilekile mara mbili kwa geini ya wastani, kimoja kiweke kushoto na kingine kulia, utapata ukubwa bila kufuga nyuki.

Mwisho akaweka noizi geti. Kazi yake ni ya askari wa getini: sauti ikiwa chini ya kiwango ulichopanga, geti limefungwa, kimya, sauti ikizidi kiwango, geti linafunguka. Askari huyu haulizi kitambulisho. Ukipaza sauti, unapita.

Bado yule fundi na krrrrr yake. Tukakaa. Tukanywa chai. Na hapo, banange, umeme ukakatika! Mtaa mzima ukasonya. Sisi tukagongeana mikono. Rodi ya fundi ikanyamaza, jenereta la saluni halikuwa na mafuta, laptopu ina betri, na kile kisanduku cha kuingizia sauti kinakula umeme wa laptopu. Nikataka kuhamia kwenye kiti chenye mto. Ngoma akakataa: "Usiguse chaki! Laptopu nayo ina uvumi wake."

Nikapiga. Wimbo una sehemu za kukata ghafla: ja-ja-jang! kimya, ja-ja-jang! kimya. Kimya kilikuwa safi, nikasikia raha mpaka kwenye vidole. Katikati, kwenye kimya kimoja, hedifoni zikatoa sauti nzito iliyokwaruzwa, maneno hayashikiki. Nikadhani stesheni ya redio imeingia kwenye kebo. Macho yangu yalikuwa vidoleni; kwa pembe ya jicho nikamwona Besi amechuchumaa chini ya dirisha, nikadhani anashikilia kebo. Sikusimama, vidole vilikuwa vimekubali siku hiyo.

Tukasikiliza. Ngoma akazima ngoma na besi, akaacha gitaa peke yake.

Ja-ja-jang!

"WEWE WA BESI! TANGU RAMADHANI SIJAONA HATA SHILINGI YAKO!"

Ja-ja-jang!

"USIJIFICHE, NAONA KICHWA!"

Ngoma akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akaniangalia. Pikapu za bei nafuu, nyaya za koili zisipozamishwa kwenye nta, hutikisika kwa sauti ya hewani, na kwa geini ile zinageuka maikrofoni. Hajati alikuwa dirishani, mkono mmoja kutoka kwenye nyuzi zangu, na askari wetu akamfungulia kila aliposema.

"Hiyo ni kelele," Besi akasema, jasho limemjaa. "Kata hapo."

"Kelele kidogo ni ladha," Ngoma akajibu, naye ananakili kile kipande akikipeleka mwanzo wa wimbo.

Mchango wetu, ikabainika, ulikuwa umekula viatu, sabufa, na safari moja ya Jinja ambayo Besi alituambia ni msiba. Tukamwita Hajati tukae, tuandikishane jinsi deni litakavyolipwa. Akaketi kwenye kigoda cha chaki. Ngoma, kwa kujipendekeza, akamvalisha hedifoni asikie alivyotoka.

Hajati akasikiliza mpaka mwisho, macho kafumba. Akavua hedifoni.

"Sauti yangu nzuri," akasema. "Lakini mwanangu, hiyo kelele inayonipigia nyuma, jang jang, iondoe."